Uzi Kwenye Bega la Bikira

Torre Bivaro, 8 Machi 1976

Mama mpendwa,

Mlio ulionibakia masikioni tangu nishuke kwenye treni ni wa madirisha. Kaka Bruno wa mama mkubwa alinipokea stesheni, akabeba sanduku langu begani, tukapanda barabara kuu kwa miguu. Jua lilikuwa la utosi. Tulivyokuwa tukipita, mbao za madirisha zilianza kufungwa: ta, kisha ta, kisha ta, nyumba baada ya nyumba, zikitutangulia kidogo tu, mpaka mbele ya kanisa la Santa Maria. Hakuna aliyebamiza. Walifunga taratibu, kama mtu anavyofunika chungu asimwamshe mtoto. Nikamwambia Bruno, "Kumbe huku watu wanauheshimu usingizi wa mchana." Akacheka. "Mwaka huu wanauheshimu kupita kiasi, binti wa Torino."

Nimefika salama, na nalala katika chumba chako cha usichana. Mama mkubwa Filomena aliponiona alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama mbuzi wa mnada. "Hii mifupa kakupa nani? Dada yangu anakupikia nini huko, mvuke?" Kisha akalia, kisha akanipakulia supu ya maharage, na hapo ndipo nilipoviona vidole vyake vilivyopinda. Hukuniambia kwamba ugonjwa wa viungo umefika mbali hivyo.

Kazi nimeianza. Profesa anataka maelezo ya picha za makanisa yote matatu kabla mvua haijamaliza kuzifuta. San Nicodemo, lile dogo la Wagiriki lililo ukingoni, limeliwa na chumvi hata mitume wa ukuta wa kaskazini wamebaki nyayo na pindo za nguo tu. San Giovanni limefungwa kwa sababu dari inadondoka, na ufunguo hakuna anayekumbuka kaachiwa nani. Muda mwingi nakaa Santa Maria, mbele ya kabati la kioo la sanamu ya Bikira. Kwa Kwaresima wamemvika nyeusi. Nilitarajia kumkuta analia kama Mabikira wengine wa majonzi, lakini uso wake ni wa mtu aliyesikia nyayo mlangoni na hajajua bado ni za nani. Nilijaribu kumchora, mkono ukakataa.

Jana mezani Bruno alinieleza Makutano ya Pasaka, ambayo wewe hukuwahi kutusimulia hata siku moja. Mchana wa Pasaka Yesu mfufuka husimamishwa upande wa juu wa barabara kuu. Bikira, amefunikwa shela jeusi, husimamishwa upande wa chini. Hawaonani. Yohana Mtakatifu, mabegani mwa vijana, hukimbia kati yao kupeleka habari, na Bikira hukataa kuamini mpaka safari ya mwisho. Ndipo wabebaji wake nao hutimua mbio, na anapokutana na mwanawe, mtu mmoja anayekimbia nyuma yake huvuta kamba, shela likaanguka, gauni la buluu likaonekana. Likianguka mara moja, mwaka ni mwema. Likikwama, kuna atakayekufa, na macho yote humgeukia mfunuaji. Mfunuaji wa mwaka huu ni Bruno, kama alivyokuwa marehemu baba yake.

Bruno huyo huyo amemwambia paroko, Padre Egidio, kwamba safari hii Yohana hatasimama chini ya roshani ya Don Attilio na kumwinamia. Miaka yote husimama. Unamjua Don Attilio: hapa ukuta haujengwi wala boti haishushwi bila neno lake. "Mtakatifu hamwinamii muuza saruji," Bruno alisema, nami nikacheka. Mama mkubwa aliendelea kukata mkate hata ulipokwisha, kisu kikakata ubao.

Nikauliza kwa nini hukutusimulia. Mama mkubwa akajibu, "Kula, chakula kinapoa." Kilikuwa bado kinafuka moshi.

Binti yako,
Ersilia


Torino, 16 Machi 1976

Mwanangu Ersilia,

Barua yako nimeipata. Ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi nzuri kuliko ya posta, kwa hiyo jifunze kuandika habari za hali ya hewa.

Nijibu jambo moja tu: madirisha yalifungwa upande mmoja wa barabara, au pande zote mbili?

Hapa tu wazima. Baba yako anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi. Usimwandikie habari za Makutano, wala usimtajie kamba ya Bruno. Ukimwandikia, mwandikie habari za samaki.

Rudi kabla ya Jumapili ya Matawi. Profesa atangoja. Makanisa hayo yalisimama kabla babu zake hawajajua kuvaa viatu, hayatakimbia. Na uje na Bruno. Mwambie mama yake mdogo anaumwa, anataka kumwona. Si uongo mkubwa. Kazi nitamtafutia, huku madereva wanatakiwa.

Mama yako,
Concetta


Torre Bivaro, 28 Machi 1976

Mama mpendwa,

Hali ya hewa: upepo wa kusini, mchanga machoni. Haya ni kwa ajili ya msomaji wetu wa posta, nami namsihi apunguze gundi, inanata vidoleni.

Pande zote mbili.

Bruno nilimfikishia ujumbe wako. Alikuwa anashusha kreti za dagaa kutoka kwenye kigari chake cha magurudumu matatu. "Mama mdogo anaumwa nini?" "Anaumwa hamu ya kukuona." "Basi hiyo haiui. Mwambie nitakuja msimu wa zabibu. Nikiondoka sasa kamba atavuta nani, Padre Egidio? Atajinyonga nayo yule."

Siwezi kukuficha kwamba kuna kitu hapa kinatembea nasi. Juzi tuliingia baa ya mkabala na San Giovanni. Waliokuwa wakinywa kahawa waliweka vikombe chini, wakatusalimu kwa adabu nyingi, wakatoka mmoja mmoja. Vikombe havikuwa vimekwisha. Na sokoni Mastro Ruggero, fundi wa majeneza, alimsimamisha mama mkubwa mbele yangu. "Filomena, huyu mwanao karefuka au ni macho yangu? Mlangoni siku hizi anainama?"

"Anainama akitaka."

"Basi vizuri. Ni vizuri kijana ajue kuinama." Akavua kofia, akanunua vitunguu vyake.

Nilipomwuliza mama mkubwa, alisema wazee wana maneno mengi.

Kwa ajili ya vidole vyake vilivyopinda ameniomba nimsaidie Jumamosi Kuu. Utakumbuka kuliko mimi: Bikira huvalishwa na wanawake peke yao, mlango umefungwa, hata paroko haingizwi. Mwenzake mama mkubwa ni Donna Assunta, dada yake Don Attilio. Alikuja jana na biskuti za lozi. Akanitazama kutoka nywele hadi viatu. "Huyu ndiye msomi?"

"Ana mikono mizuri, Assunta. Anashonea makumbusho."

"Mikono mizuri ikae mfukoni, itadumu."

Kisha wakaingia chumba cha nyuma. Ukuta ni mwembamba. Nilimsikia mama mkubwa akiuliza, "Ikiwa hivyo, yataishia hapo?" Na yule akajibu, "Yataishia hapo, Filomena. Mimi pia nina mtoto." Mama mkubwa alipotoka, uso wake ulikuwa kama unga. Mama, mwanamke huyo alimtishia dada yako ndani ya nyumba yake, akala na biskuti zake mwenyewe.

Nakaa katika chumba chako nikijiuliza wewe uliogopa nini ukaondoka. Sikuandikii haya kwa dharau. Mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kusimama pembeni nikitazama picha za watu waliothubutu. Namtazama Bruno akila, akipiga mluzi, akimtania mama yake, na najua kwamba kwa mara ya kwanza niko kwenye chumba kimoja na mtu wa namna ile. Sirudi kabla ya Pasaka.

Ersilia


Torino, 6 Aprili 1976

Mwanangu,

Hali ya hewa: ukungu.

Nimesoma unavyoniona. Sitajibu hilo kwenye karatasi.

Kama hurudi, basi shika neno moja. Usiguse shela. Mshikie Filomena pini, mshikie taji, mfutie Bikira vumbi la kope ukitaka. Lakini mikono ya dada yangu ikifika mabegani, wewe geuza uso, tazama dari, hesabu malaika. Atakachofanya Filomena kitakuwa kimefanywa sawasawa.

Ningekueleza kama posta ingekuwa posta. Nakuomba, Ersilia, na unajua mimi si mwombaji.

Mama yako


Torre Bivaro, Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili 1976

Mama,

Limeanguka! Bado wanapiga fataki huko chini, meza inatikisika, usinihukumu kwa mwandiko.

Niache nianze jana. Tulimvalisha Bikira katika sakristia, chumba cha nyuma ya altare, mlango umefungwa kwa komeo. Uchi wake ni mti tu, fremu ya mbao kama ngazi, na kichwa na mikono juu yake. Nilipoona hivyo nilipata huruma nisiyoweza kueleza. Tukamvika gauni la buluu, kisha shela jeusi juu yake, likashikwa na mafundo ya kuteleza yanayoungana na kamba ya mgongoni. Mama mkubwa alifika mabegani. Nikakutii: nikatazama dari. Donna Assunta alikuwa amesimama upande wa kushoto, ameshika taa.

Leo asubuhi, kabla ya Misa, nilirudi peke yangu na karatasi zangu. Nilitaka kumchora angalau mara moja akiwa tayari. Nikamzunguka kutafuta mahali pa kukaa, na chini ya kunjo la bega la kushoto nikaona uzi. Mweusi, umekunjwa mara mbili, umepakwa nta, umepita kwenye shela na kuingia kwenye gauni. Mtu asiyefanya kazi kama yangu asingeuona. Bruno angevuta hadi kamba imkate mikono, na shela lingebaki.

Upande wa kushoto, Mama. Pale pale aliposimama yule mwanamke na taa yake.

Nilikumbuka onyo lako. Nilisimama nikiwa na mkasi wangu mdogo mkononi na nikasema moyoni, mama anaogopa shela kama wote wa hapa wanavyoliogopa, na ndivyo watu kama Don Attilio wanavyoishi, kwa woga wa akina mama. Nikakata. Ulitoa sauti ndogo sana.

Mchana! Ungekuwepo! Yohana alikimbia akapita chini ya roshani bila hata kupunguza mwendo. Watu walishusha pumzi wote pamoja, ukasikia kama wimbi likirudi. Kisha Bikira akaanza kukimbia, taji linayumba, Bruno nyuma yake kamba mkononi, na walipokutana akavuta, na lile jeusi lote likashuka kwa mkupuo mmoja kama maji. Buluu! Wanaume walilia. Mama mkubwa alianguka magoti palepale kwenye mawe, akafunika uso.

Nawe usiwe na hofu tena kuhusu yule bwana. Alishuka mwenyewe kutoka roshani. Watu wakampisha. Akamkumbatia Bruno mbele ya mji mzima, akambusu mashavu yote mawili, akasema, "Umeuheshimisha mji huu, kijana wangu." Bruno alikuwa mwekundu kama nyanya. Donna Assunta alisimama nyuma ya kaka yake, akimtazama mama mkubwa tu, mimi hakuniona.

Tangu tulipoingia ndani mama mkubwa amekaa jikoni mbele ya mkate wa Pasaka uliookwa na mayai juu yake, hajatoa hata yai moja. Nadhani ni uchovu. Kesho au keshokutwa nitamwambia nilichofanya, apate kufurahi.

Wako mwenye fahari,
Ersilia


Bivaro, 20 Aprili

Concetta,

Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Sista Pierina anakuja huko Torino kwa mama yake mgonjwa, atakupa hii mkononi. Nijibu upesi kwa mkono wake, anarudi wiki hii hii.

Uzi niliuweka mimi. Bega la kushoto, mara mbili, kwa nta, kama wewe ulivyomwekea Vito wako. Binti yako kaukata. Kaniambia leo asubuhi anatabasamu: "Mama mkubwa, nimemwokoa Bruno." Sikumpiga. Alikuwa na uso wako.

Tulishaafikiana mimi na Assunta. Shela likwame, mji useme Bikira kamkataa, Bruno ashikwe na aibu aondoke, kaka yake aridhike bila damu. Mtu aliyekataliwa na Bikira hakuna haja ya kumuua. Sasa kakubaliwa. Wanawake wanamgusa mkono akipita. Yohana hakuinama na mbingu hazikuanguka, na kila mtu kaona. Assunta kaniambia mlangoni mwa kanisa, "Filomena, uliniahidi." Basi, kaenda zake.

Attilio kambusu, Concetta. Mbele za watu. Unakumbuka baba yake alivyombusu yule Cosimo aliyemkaidi, na Cosimo aliokotwa ufukoni kabla ya Pentekoste.

Bruno namwambia ondoka, anacheka. "Bikira mwenyewe kashuhudia, mama, nani atanigusa?" Nampigia magoti, ananiinua, ananizungusha kama tunacheza dansi.

Nifanye nini? Wewe ndiye ulikuwa na akili.

Filomena


Torino, 22 Aprili 1976

Ersilia,

Hii inakuja kwa mkono wa Sista, kwa hiyo leo hakuna hali ya hewa.

Mwaka 1949 mfunuaji alikuwa baba yako. Alikuwa amewaongoza watu kuingia na majembe kwenye mashamba yaliyolala ya baba yake Don Attilio, na alikuwa amesema, kama Bruno, kwamba Yohana hatainamia roshani. Madirisha yalifungwa, pande zote mbili. Mimi nilikuwa mvalishaji pamoja na mama yangu. Nilikuwa mchumba wake. Nikajua kwamba hataona majira ya joto, na kwamba hataondoka kwa kuogopa, kwa kuwa woga hakuwa nao. Nikatia uzi.

Alivuta, Ersilia. Alivuta mpaka kamba ikamchana kiganja. Mji mzima ulimtazama. Wiki hiyo hiyo alipanda treni, na hakuna aliyemfuata isipokuwa mimi, baadaye.

Unajua kila Pasaka mchana hutoka kwenda kutembea kando ya mto, sisi tunamngoja na chakula. Wewe na ndugu zako mlisema ni siasa yake, haipendi dini. Baba yako anaamini mpaka leo kwamba Bikira alimtazama akamkataa. Nimelala ubavuni pake miaka yote hii bila kumwambia. Ningemwambia, angerudi Bivaro kwa treni ya kesho yake. Ningemwambia akiwa mzee, ningekuwa nimemnyang'anya hata sababu ya kuumia kwake. Sitamwambia, na wewe hutamwambia. Sijutii. Nimepata mume aliye hai, nimepata nyinyi.

Nisingeweza kukuandikia haya, na wewe usingeweza kujua. Tuliache hapo. Sasa fikiri. Bruno hatatolewa hapo kwa machozi wala kwa vitisho. Atatoka kwa aibu tu. Filomena amechoka na mimi niko mbali. Umesoma kuliko sisi sote, tumia.

Choma hii.

Mama yako


Torre Bivaro, 25 Aprili 1976

Mama,

Barua yako Sista Pierina alinipa jana asubuhi ndani ya kitabu cha sala. Niliichoma jikoni. Mama mkubwa alishika kifuniko cha jiko, akatazama mpaka ikawa majivu, hakuuliza umesema nini. Hii Sista ataitia posta mji mwingine.

Alhamisi Bruno aliamka akakuta kigari chake kimeoshwa. Magamba ya samaki yote yamesuguliwa, magurudumu yamefutwa, kiti kimetandikwa shuka nyeupe, safi, iliyopigwa pasi. Majirani wote hawakuona mtu. Bruno alidhani ni zawadi ya wapenzi wake wa Makutano. Mama mkubwa alisimama mlangoni akasema polepole, "Wamekiosha kama maiti." Bruno akaikunja ile shuka, akaniambia nifutie brashi zangu.

Nilikuwa na siku nne za kutafakari nilichokata, hata kabla hujaniandikia, kwa maana mama mkubwa alikuwa ameniambia habari ya uzi wake, bila kunitazama, akichambua dengu. Sitakuandikia nilivyokaa siku hizo. Nilikwenda San Nicodemo kila siku na sikuandika mstari. Wazo la kwanza lilikuwa niseme kweli. Nisimame niseme uzi uliwekwa na Filomena, nikaukata mimi. Lakini kweli ile ingemfanya Bruno awe asiye na hatia mara mbili, na Donna Assunta angeulizwa na kaka yake alikuwa ameafikiana nini na nani. Kweli ingeua watu wawili zaidi. Nikaona haifai kitu.

Leo kanisa lilijaa. Don Attilio alikuwa kiti cha mbele. Bruno alikuwa karibu na altare na wenzake wa chama cha Makutano, amevaa mshipi wake mweupe begani. Padre Egidio alipoinua mikono atoe baraka, nikasimama.

"Padre, nina neno."

"Baada ya Misa, Ersilia."

"Baada ya Misa watakuwa wametoka."

Nikasema. Nikasema kwamba shela la Pasaka halikuanguka kwa ridhaa ya Bikira. Kwamba Bruno aliniomba niingie peke yangu asubuhi ile, nilegeze mafundo, nitie kamba aliyoipaka nta mwenyewe, shela lishuke hata Bikira akikataa, kwa kuwa alijua moyoni mwake kwamba atamkataa. Kwamba nilikubali kwa sababu mimi ni mgeni, sikujua uzito wake.

Nikasikia bahari chini ya sakafu. Kisha mtu huko nyuma akasema, "Mwongo!" na mwingine akamjibu, "Nani, msichana au Bruno?" na mwanamke mmoja akapiga kelele, "Kamchezea Bikira, mlaaniwa huyu! Na mimi nilimgusa mkono!"

Bruno hakupaza sauti. "Ersilia. Waambie unatania."

"Sitanii, kaka."

"Niangalie basi."

Nilimwangalia. Nilifanya hivyo, Mama, nisingekuwa na haki ya kutazama kingine.

Wangeweza kumwamini yeye. Ni wa kwao, mimi ni mtu wa Torino. Lakini mama mkubwa aliinuka kutoka benchi la wajane. Nilikuwa nimemwomba jana jioni anyamaze tu, sikumwomba zaidi. Alitembea hadi mbele, akasema kwa sauti ile anayouzia dagaa, "Ni kweli. Niliona nta kwenye kucha zake. Nilinyamaza kwa kuwa ni mwanangu." Kisha akainua vidole vyake vile vilivyopinda, akauvua mshipi mweupe begani pa Bruno. Ulichukua muda, fundo lilimshinda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaukunja, akampa Padre.

Don Attilio akacheka. Kwanza mabega, kisha yeye mzima. "Nta!" akasema. "Mnasikia? Kijana alipaka nta!" Na watu wakacheka naye, benchi hadi benchi, hata waliokuwa wakilia. Nilipoona anavyojifuta machozi kwa leso nilijua kwamba Bruno ataishi. Donna Assunta aliondoka wa kwanza. Akipita akamgusa mama mkubwa kiwiko, akasema, "Pole, Filomena."

Nyumbani Bruno alijaza sanduku. Mama mkubwa alimfungia mkate na jibini, Bruno akauacha mezani. Mlangoni alisimama mbele yangu, nikadhani atanipiga, nikabaki pale pale ili anipige. Akasema, "Siku nitakayosikia umekufa nitawasha mshumaa, wa shukrani." Watoto walimfuata hadi stesheni wakiimba neno nta. Mama mkubwa alikaa chini akala ule mkate wenyewe, kipande kwa kipande, mpaka ukaisha, akilia na kutafuna, na mimi nikimshikia kikombe cha maji.

Mimi nabaki naye. Profesa nimemwandikia kwamba nitachelewa, na kwamba asitume mtu mwingine. Madirisha ya mtaa huu yamefunguliwa yote, wanatutazama.

Sasa utajua ile telegramu ilitoka wapi, na kwa nini haikuwa na jina lako. Niliituma jana mchana kutoka mji mwingine, nilikwenda kwa basi, kabla sijamwambia mama mkubwa na kabla sijajua kama nitapata sauti ya kusimama kanisani. Nilimwandikia baba kwamba Bruno anafika Jumatatu, kwamba Bikira wa Bivaro amemkataa, na kwamba aende stesheni kumpokea peke yake.

Ersilia